Mnyamwezi na Kizibao Changu

Wivu niliujulia London. Kwetu Temeke niliusikia tu kwenye taarabu na kuusoma kwenye kanga, nikadhani ni maradhi ya wake wenza, na mie mume wa kugombania sikuwa naye. Kumbe wivu hauchagui. Mie ulinishika kwa ajili ya kizibao, kipande cha kitambaa cha bluu chenye kamba ubavuni na herufi mbili nyeupe, kifuani na mgongoni: GS.

Tulikuwa na timu ya netiboli pale Peckham, wanawake wa Afrika Mashariki watupu. Wengi manesi na wafanyakazi wa kulea wazee, mmoja karani wa benki, mmoja mwenye saluni ya kusuka. Tulikodi uwanja wa shule Jumamosi jioni. Kochi alikuwa mama wa Kikenya, nesi wa siku nyingi, akikuita unageuka hata kama umevaa vitu masikioni. Mie nilikuwa mfungaji, na ndiyo maana ya zile herufi. Kwa asiyeujua mchezo, uwanjani mnakuwa saba, na wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS na msaidizi wake anayeitwa GA. Waliobaki kazi yao kuwafikishia hao mpira, au kuwazuia wa upande wa pili. Na mpira haukai mkononi zaidi ya sekunde tatu. Ukiung'ang'ania, refa anapuliza filimbi, anapewa mpinzani wako.

Nilikuwa na mahali pangu. Kushoto kwa nguzo, hatua moja kutoka mstari wa mwisho. Pale ukinipa mpira, ni goli. Wiki nzima naosha wazee wa watu, nawalisha uji, nawageuza vitandani, naitwa mpenzi na watu wasiojua jina langu wala hawana haja nalo. Jumamosi nikifunga kamba za kile kizibao, nikanyanyua mikono, uwanja mzima unanyamaza. Hata watoto waliokuja na mama zao, wale wanaosemeshwa Kiswahili wakajibu Kiingereza, walikuwa wakiacha kula chipsi wananitazama. Nani asiyependa kutazamwa? Anayesema hapendi ni mwongo.

Mwaka huo tulimaliza wa pili, tukapanda daraja. Kama ilivyo desturi yetu, msimu ukiisha tulikusanyika kwa kochi kula. Mie nilipika pilau, Waganda wakaleta matoke, kochi akakaanga samaki mpaka majirani wakafungua madirisha. Tulipokwisha kula akagonga sufuria kwa mwiko.

"Sasa sikizeni," akasema. "Huko tunakoenda si kwa kucheza. Msimu ujao lazima tubadilike. Wawili wanatuacha, mmoja amepata mimba, mwingine anarudi Arusha. Nitaleta watu. Na hakuna mtu ako na namba ya kudumu. Kila mtu atapigania nafasi yake."

Wenzangu wakaitikia. Mie nikatabasamu kwa sababu nilijua hayo maneno ni ya wengine. Nani angegombania nafasi na mie? Nikajipakulia samaki mwingine.

Mgeni alikuja mazoezi ya kwanza ya kiangazi. Nilikuwa nimeinama nafunga viatu, nikaona kivuli kinaniziba jua. Nikainua macho, nikainua tena, na bado mtu haishi. Mrefu huyo, Mola alimwaga bila kupima. Shingo ndefu, mikono mirefu, meno meupe yenye mwanya. Kanipita mie kichwa kizima na mabega. 

Kochi akamtambulisha. Nesi, kahamia hospitali moja ya kusini mwa London, kacheza netiboli tangu shule. Mwenye saluni akamuuliza katokea wapi.

"Tabora," akasema. "Mnyamwezi mie, wa kuzaliwa na kulelewa."

Basi Watanzania wote wakapiga makofi na kunigeukia mie. "Weee! Mtani wako huyo! Leo umepatikana!"

Asiyejua utani nitamwelezea. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao wakibeba mizigo kutoka bara hadi pwani, na babu zetu wakiwapokea. Mtani akikutukana hukasiriki, unamrudishia. Akikunyang'anya kitu chako humpeleki polisi. Unakikomboa, kwa chochote, hata ndizi mbivu, hata tusi zuri la kuchekesha watu, naye anakurudishia. Anayekasirika ndiye mwenye makosa. Hayo hatukufundishwa darasani, tulikua tunayaona kwenye harusi na misibani.

Yule Mnyamwezi akaja kunisimamia kichwani, mikono kiunoni.

"Mzaramo!" akasema kwa sauti ya sokoni. "Kumbe mmefika mpaka huku? Nani kawabeba?"

Wakacheka, wakashikana mabega. Na jibu nilikuwa nalo! Lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Sisi wa ughaibuni vibarua vyote tulikuwa tunaviita kubeba boksi, hata kama boksi lenyewe hulioni. Nilitaka kumwambia kwamba Wanyamwezi ndio waliouanza mchezo huo, babu yake kabeba boksi la Mwarabu kutoka Tabora hadi Bagamoyo bila hata kibali cha kazi. Lingewavunja mbavu. Lakini nilikuwa natazama ile mikono yake, naipima ilivyo karibu na goli. Nikameza jibu langu na mate.

Alipoona sisemi, akainama pale nilipoweka vitu vyangu, akakinyakua kizibao, akakivaa juu ya fulana yake. Kilimfika juu ya kitovu.

"Nimeteka!" akatangaza. "Mzaramo aje akomboe mali yake!"

Wenzangu wakaanza kupiga vigelegele, wakiningoja. Hata ganda la chungwa lingetosha. Ningemrukia mgongoni, ningemwimbia, ningemrushia kiatu. Lakini hakuniteka kisu cha jikoni, jamani, wala mkeka. Kaniteka mahali pangu pa kusimama duniani! Nikamaliza kufunga kiatu taratibu, nikanyanyuka, nikamwambia, "Vaa tu, dada. Kimekupendeza."

Vigelegele vikakatika. Mtani anaitwa dada? Karani wa benki, Mpare, akaniangalia kama nimetukana hadharani. Yule Mnyamwezi mwenyewe meno yakafunikwa, akashika kamba za kizibao, akawa hajui avue au aache. Na kochi wetu, Mkenya wa watu, ya utani wa Kizaramo ayajulie wapi? Aliona tu mtu kavaa kizibao na mwenyewe karidhika.

"Haya, kama mwenyewe hana shida, basi hii urefu tutaitumia," akasema. "Wewe mgeni utakaa GS. Na wewe ukuje huku nyuma, ujaribu GK."

GK ni mlinda goli. Kazi yake kumzuia mfungaji. Yaani kuanzia siku hiyo mie nikawa wa kusimama chini ya mikono ya Mnyamwezi, naruka kama kuku anayetaka kupanda paa, na yeye anaweka mipira golini juu ya kichwa changu. Anafunga bila haraka. Akishafunga ananitazama na kusema, "Mzaramo, komboa mali yako."

Kila Jumamosi alisema hivyo. Nikifika anasema, tukiondoka anasema. Mara moja alikuja mpaka kituo cha basi, kakikunjua kile kizibao, ananipungia nacho na mie niko ndani ya basi ghorofa ya juu. "Komboa, Mzaramo!" Abiria wote wakageuka. Nilimwona ananicheka. Nilimwona ananivua nguo mbele ya kadamnasi. Nikatazama mbele, nikakaza shingo.

Loo, nilivyoona wivu! Sikujua kama mwili unaweza kubeba kitu hicho na bado ukaenda kazini. Niliona wivu kwa urefu wake, na urefu mtu hajitakii. Niliona wivu kwa sababu mwenye saluni alimsuka bure na mie kila siku nalipa. Aliugua mmoja wetu, Mnyamwezi akampikia mtori, na mtori wenyewe ni chakula cha Wachaga, basi na hilo nikaliona ni kiherehere. Watoto walioacha chipsi zao kunitazama mie sasa wanamtazama yeye, na katoto kamoja kakamuuliza kwa Kiingereza kama yeye ni mtu wa kwenye televisheni. Ningekafinya. Usiku nikilala namwona na ule mwanya wake, anacheka. Asubuhi nampaka mafuta bibi wa watu, naye ananiambia mikono yangu leo mizito.

Shoga yangu, yule Mpare, alinikalisha siku moja tukingoja treni. "Hivi una nini? Mtani wako anakuita kila siku. Kikomboe yaishe."

"Nikomboe nini? Mtu hanunui chake."

"Ndo utani huo!"

"Utani na nani? Utani ni wa watu waliolingana. Yule ananidhihaki."

Akaguna. "Shoga, kijicho kitakutoa macho."

Treni ilikuja tukapanda, tukakaa mbali mbali.

Katikati ya kiangazi, timu ya Kilburn ikaniita. Walikuwa wapinzani wetu wa siku nyingi, nao walipanda daraja pamoja na sisi. Nahodha wao, Mzanzibari mwenye duka la vyakula kule barabara kuu, alikuwa akisikia habari. Habari za kina mama zinavuka mto Thames kabla ya basi. Akanikaribisha dukani, akanipa chai ya tangawizi na visheti.

"Wenzio hawakutaki, sisi twakutaka," akasema. "Lakini nakwambia ukweli, bibi. Mfungaji tunaye. Tunachotaka ni mlinda goli. Na ukishatia sahihi, hurudi kwenu mpaka msimu uishe. Ligi hawakubali."

Mtu mwenye akili zake angeuliza, naondoka huko kwa sababu nimenyimwa kufunga, nakwenda kwingine kufanya nini? Nisifunge vilevile, tena na nauli juu? Mie nilifikiria kitu kimoja tu. Tutakapokutana nao, nitasimama mbele ya yule Mnyamwezi kwa haki zote, na nitamnyima kila mpira. Sitakaa tena namtazama akivaa changu. Nikafuta vidole vya visheti, nikatia sahihi pale pale juu ya friza la samaki.

Kochi nilimwambia kwa simu. Akasema, "Si ungeniambia unaumia?" Nikamwambia siumii. Nikakata simu, nikalia kwenye choo cha kazini mpaka mzee mmoja akagonga mlango kuuliza kama nimeanguka.

Mwisho wa kiangazi ilinijia ile simu ambayo kila mtu wa ng'ambo anaiogopa. Mama yangu kafa. Kalala mzima, kaamka maiti, pale pale Temeke. Na mie paspoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji, imekaa huko inangoja muhuri, siwezi kwenda kuzika. Niliwapigia simu mpaka sauti ikakauka. Wakaniambia wananipa pole na nisubiri.

Basi msiba ukakaliwa kwangu, kwenye flati ya Peckham, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Watu walikuja na sufuria, na mashuka ya kutandika, na vitambaa vichwani. Timu yangu ya zamani ilikuja yote. Hawakusema neno la Kilburn. Kochi aliingia jikoni akafunga aproni. Mie nilikaa sakafuni, nimeegemea ukuta, macho makavu. Kilio kilikuwa kimenikaa kifuani hakitoki. Waliniletea uji, nikaacha ukapoa.

Mara nikasikia kelele mlangoni. Mtu kalala kizingitini, kajinyoosha urefu wake wote, miguu iko ukumbini, kichwa kiko kwenye korido. Juu ya gauni lake jeusi kavaa kizibao cha bluu.

"Hapiti mtu!" akasema. "Mtani nimefika. Msiba huu sijaukubali. Nani kawaruhusu Wazaramo kufa bila kuniaga?"

Kochi akatoka jikoni kashika mwiko, kashtuka. "Huyu anafanya nini? Amerukwa?"

"Mwache, mama," Mpare akamwambia. "Ni mtani wake. Ndiyo kazi yake hiyo."

Mnyamwezi akanyanyuka, akaanza kutembea ukumbini akiwaangalia watu kwa dharau. "Mnalia nini? Mnajua Mzaramo anavyokufa? Uvivu! Kalala, kaamka, kaona kupumua nako ni kazi, kaacha. Alikuwa anafanya kibarua cha kupumua, kakichoka."

Waganda wakanitazama kwa huruma. Mie nikasikia kitu kinapanda kutoka tumboni, nikadhani ni kilio. Kilikuwa kicheko. Mama yangu angekuwepo angecheka mpaka kanga imvuke. Alikuwa akiwapenda watani kuliko ndugu zake.

Mnyamwezi akaona. Akachukua kanga moja akaiviringisha kama mpira, akasimama kushoto kwa mlango, hatua moja kutoka ukutani. Akabana midomo kama ninavyobana mie, akatingisha kiuno mara mbili kama ninavyotingisha kabla ya kutupa, kitu nisichokuwa nakijua mpaka siku hiyo. Akaitupa kanga ndani ya sufuria tupu ya pilau. Ikaingia. Ukumbi ukalipuka.

"Na changu sirudishi," akasema, kaninyooshea kidole. "Mpaka mwenyewe akomboe."

Basi mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Wewe Mnyamwezi! Usinitishe! Kubeba boksi nani kaanza duniani? Babu yako kabeba boksi la Mwarabu toka Tabora hadi Bagamoyo, hana kibali, hana paspoti! Ndo maana uhamiaji mpaka leo wanatutesa!"

Jamani! Watu walianguka. Kochi aliketi kwenye mkono wa sofa langu, machozi yanamtoka, hajui hata anachocheka. Na mie nilicheka, nikacheka, kisha kicheko kikageuka, nikapiga ukelele mmoja nikamlilia mama yangu. Mnyamwezi alipiga magoti akanishika. Kizibao alikivua akiwa amenikumbatia, akakiweka mapajani mwangu.

"Umekomboa," akasema. "Umechelewa, Mzaramo, lakini umekomboa."

Watu walipopungua tuliosha vyombo pamoja. Yeye anaosha, mie nasuuza. Nikamuuliza kwa nini alikitaka kizibao changu.

"Nilikitakia nini?" akasema. "Mie si GS. Mie GA tangu shule. Sipendi hata kusimama chini ya goli, nachoka. Kochi aliponihadithia kuna mfungaji Mzaramo, nikasema hapo hapo, nimepata wa kumlisha. Nimekuteka ili unikomboe, tuanze kwa utani, tuzoeane. Siku ya pili nikangoja. Wiki ya pili nikangoja."

"Si ungesema!"

"Mtani anasema? Mtani anateka, anangoja. Nilikuita mpaka kwenye basi."

Niligeuza sahani ile ile kwenye maji mara kadhaa. Nilitaka kumkasirikia, na sikupata pa kuanzia. Sahihi yangu ilikuwa Kilburn, juu ya friza la samaki.

Baada ya hitima, Jumapili moja, tulikwenda sisi wawili kwenye uwanja nyuma ya yale maghorofa, kuna goli moja la chuma limepinda. Nilivaa kizibao changu. Alisimama mbali, akanirushia. Mwenzangu, sijawahi kupewa mpira namna ile! Hautazami, unanyoosha mikono tu na mpira unakuja kukaa. Ananirushia nyuma ya mgongo, ananirushia huku anaangalia basi linalopita, na mpira unanikuta pale pale, kushoto kwa nguzo, hatua moja kutoka mstari. Nilifunga mpaka mabega yakauma. Tulipoondoka aliniambia kochi kampa namba ya GS binti mmoja mfupi, mzaliwa wa hapa hapa London, na yeye sasa atacheza GA.

Basi wivu ukahama. Ulikuwa kwake, ukahamia kwa kile kibinti ambacho sijakiona. Nilipanda ngazi za ghorofa zangu nne nikifikiria, hiyo mipira atapewa yeye. Atanyoosha mikono yake mifupi na mipira itamjia, na hata hatajua alichopewa. Sikula usiku huo.

Mechi ya kwanza ya msimu mpya, ratiba haina adabu, Kilburn na Peckham, ndani ya ukumbi wa michezo. Nilivaa kizibao chekundu cha GK, na kile cha bluu nimekikunja ndani ya begi, sijui nilikibebea nini. Kile kibinti kilikuwa kizuri, kina mbio na adabu. Kiliniamkia, "Shikamoo, aunti." Nikajibu marahaba kwa shida. Nilikibana, nikakibana, hakikupata hata nafasi ya kupumua.

Kipindi cha mwisho tulikuwa sare. Mnyamwezi alipata mpira pembeni ya duara la kufungia, mabeki wetu wawili wamemziba. Kibinti kilikimbilia kulia, mikono juu, kinaita. Mie miguu yangu ilinipeleka yenyewe, bila kuniuliza. Mnyamwezi hakutazama. Akaurusha juu ya vichwa vya watu, nyuma ya mgongo, kushoto kwa nguzo, hatua moja kutoka mstari.

Nikaudaka.

Ukumbi mzima wa michezo ukapiga kelele, wa Kilburn kwa furaha, wa Peckham kwa uchungu. "Ulete huku! Ulete!" nahodha wetu Mzanzibari alikuwa ananiita kutoka katikati. Nilipaswa kugeuka niutupe kwake. Lakini mpira ulikuwa umekaa mkononi vile vile, kama Jumapili ile, na goli lilikuwa juu yangu, na mikono ilikuwa imeshaanza kupanda. Nilimtazama Mnyamwezi. Kaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa ameshajua alichofanya, na alikuwa hacheki.

Refa akapuliza filimbi. Sekunde tatu zimepita, mpira wa Peckham.

Mnyamwezi akaja kuuchukua. Akaweka mikono yake mirefu juu ya mpira, na mie bado nimeushika, tukabaki hivyo, tumeushika wote wawili, na watu wanapiga kelele.

"Uachie basi, mtani," akasema taratibu. "Huu hauna ukombozi."

Nikauachia. Akampa kile kibinti, kikafunga.